Ozoni, mkaa, utando au bwawa: kipi kizuie mabaki ya dawa yasifike mtoni?

Mtambo wa kawaida wa maji taka ulibuniwa kuondoa uchafu unaooza, naitrojeni na fosforasi. Mabaki ya dawa yakipungua humo, hupungua kwa bahati tu. Parasetamoli na ibuprofeni huliwa na bakteria karibu zote. Diklofenaki, dawa ya maumivu, hupungua kidogo. Karbamazepini, dawa ya kifafa, hutoka kama ilivyoingia, na mara nyingine hutoka nyingi zaidi. Maabara haijakosea hapo. Mwili wa mgonjwa huifunga sehemu ya dawa kwenye molekuli inayotokana na sukari kabla ya kuitoa kwa mkojo. Bakteria wa mtamboni hukata kifungo hicho, na dawa ambayo kipimo cha maji yanayoingia hakikuiona hujitokeza upande wa pili.

Kwa hiyo anayetaka kuzuia dawa zisifike mtoni lazima aongeze hatua nyingine baada ya bakteria. Njia zinazofaa kufikiriwa kwa uzito ni ozoni (gesi inayovunja molekuli), mkaa amilifu (uliotengenezwa uwe na vitundu vingi vya kunasa uchafu) wa unga au wa chembe, utando wenye vitundu vidogo mno vya kuchuja, na mabwawa au ardhioevu ya kutengenezwa. Ushindani wa kweli uko kati ya ozoni na mkaa, na mara nyingi unaoamua mshindi ni aina ya maji yako, si sifa za mashine.

Unamlinda nani?

Swali hili hutangulia kwa sababu dawa hazidhuru kwa viwango sawa. Homoni ya vidonge vya uzazi wa mpango, ethinilestradioli, hudhuru kwa nanogramu. Kati ya 2001 na 2003 watafiti nchini Kanada waliitia kwenye ziwa dogo la majaribio, Ziwa 260, kwa kiwango cha nanogramu 5 hadi 6 kwa lita. Samaki madume wakaanza kutengeneza protini ya kiini cha yai, korodani zao zikaharibika, na jamii ya samaki wadogo waitwao fathead minnow ikakaribia kutoweka ziwani humo. Walirudi miaka kadhaa baada ya homoni kusimamishwa.

Dawa za kutuliza akili hufanya kazi kwa njia nyingine. Utafiti wa Sweden uliotolewa mwaka 2013 ulionyesha kwamba sangara wa Ulaya waliowekwa kwenye maji yenye oksazepamu mikrogramu 1.8 kwa lita walikuwa wachangamfu kupita kawaida, walijitenga na wenzao na walikula haraka. Samaki wa namna hiyo hafi maabara. Huko mtoni, asiyejificha huliwa. Diklofenaki kwa mikrogramu 5 hivi kwa lita, kwa wiki nne, imeonekana kuharibu figo na matamvua ya trauti. Viuavijasumu navyo huwapiga kwanza sayanobakteria walio chini kabisa ya mnyororo wa chakula, na huwapa bakteria wengine nafasi ya kujenga usugu.

Uchunguzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2022 ulipima dawa 61 katika sehemu 1,052 za mito ya nchi 104. Takriban robo ya sehemu hizo zilikuwa na angalau dawa moja juu ya kiwango kinachodhaniwa kuwa salama kwa viumbe wa majini au kwa kuzuia usugu. Viwango vya juu zaidi vilipatikana Afrika kusini mwa Sahara, Asia ya Kusini na Amerika Kusini, hasa pale ambapo maji taka hayasafishwi vizuri na karibu na viwanda vya dawa.

Kwanza bakteria wafanye kazi yao

Usinunue mashine ya ozoni wala silo la mkaa kama mtambo bado unatoa amonia. Tope lenye bakteria likikaa mtamboni muda mrefu, siku 10 hadi 15 au zaidi, hupata bakteria wakuaji wa polepole wanaogeuza amonia kuwa naitreti, na hao hao huambatana na uvunjaji mzuri zaidi wa estrojeni na dawa nyingine. Kuongeza umri wa tope mara nyingi hudai tangi kubwa na hewa ya kutosha tu. Faida yake kwa samaki ni kubwa hata kabla ya hatua nyingine, kwani amonia yenyewe ni sumu kwao.

Kisha pima vitu vitatu katika maji yanayotoka, kwa sampuli za mchanganyiko wa saa 24, siku za ukame na za mvua: kaboni oganiki iliyoyeyuka, nitriti (hatua ya katikati amonia inapogeuka naitreti), na bromidi. Vipimo hivi vitatu hukata mjadala mwingi.

Hivi ndivyo dawa chache zinavyojibu kila hatua:

| Dawa | Bakteria | Ozoni | Mkaa amilifu |
|---|---|---|---|
| Ibuprofeni | nzuri sana | wastani | wastani |
| Diklofenaki | hafifu, huyumba | nzuri sana | nzuri |
| Karbamazepini | karibu hakuna | nzuri sana | nzuri |
| Sulfamethoksazoli (kiuavijasumu) | huyumba | nzuri sana | hafifu hadi wastani |
| Sitalopramu (dawa ya sonona) | hafifu | nzuri | nzuri sana |
| Ethinilestradioli | hutegemea umri wa tope | nzuri sana | nzuri |
| Metformini (dawa ya kisukari) | nzuri, lakini huacha zao lake, guanilurea | hafifu | hafifu |
| Iopromidi (dawa ya picha za eksirei) | huyumba | hafifu | hafifu hadi wastani |

Tazama mistari miwili ya mwisho. Kama tatizo lako ni dawa za eksirei, hakuna safu inayokuokoa, na jibu liko nje ya mtambo. Tutalirudia.

Ozoni na mkaa, ana kwa ana

Tuchukue mtambo wa mita za ujazo 2,000 kwa siku, wenye kaboni oganiki iliyoyeyuka miligramu 8 kwa lita, ili hesabu zishikike.

Ozoni hushambulia sehemu za molekuli zenye elektroni nyingi: pete za fenoli, amini, vifungo maradufu vya kaboni. Dozi hupangwa kwa uzito wa kaboni, kwa kawaida gramu 0.4 hadi 0.7 za ozoni kwa kila gramu ya kaboni oganiki. Ukichukua 0.6, unahitaji gramu 4.8 kwa mita ya ujazo, yaani kilo 9.6 kwa siku. Gesi inayotoka kwenye kizalishaji huwa na ozoni takriban asilimia 10 kwa uzito, kwa hiyo andaa kilo 96 za oksijeni. Umeme ni kama kilowati-saa 10 kwa kila kilo ya ozoni. Tangi la kugusana kwa dakika 20 ni mita za ujazo 28 tu, lenye kina cha mita 5 au 6 ili mapovu yayeyuke kabla ya kufika juu.

Sasa weka nitriti. Kila gramu 1 ya naitrojeni iliyo katika nitriti hula gramu 3.43 za ozoni, na huila kabla dawa nyingi hazijaguswa. Nitriti ikiwa miligramu 0.2 kwa lita, dozi inapanda hadi gramu 5.5. Ikifika miligramu 2, unahitaji gramu 11.7, yaani zaidi ya maradufu, na mashine iliyonunuliwa kwa hesabu ya kwanza haitoshi. Mitambo mingi ya ozoni inayosemekana kuwa "haifanyi kazi" ina ugonjwa huu: kipulizia hewa kimelegea, bakteria wamekwama nusu ya safari kati ya amonia na naitreti, na ozoni yote imeishia kwenye nitriti.

Kikwazo cha pili cha ozoni ni bromidi. Ikizidi takriban mikrogramu 150 kwa lita, sehemu yake hugeuka bromati, ambayo maji ya kunywa hayaruhusiwi kuwa nayo zaidi ya mikrogramu 10 kwa lita. Bromidi huletwa na maji ya bahari yanayovuja ndani ya mabomba ya pwani, na majivu au maji machafu ya baadhi ya viwanda. Mji wa pwani wenye mabomba mabovu ungefanya vizuri kuelekea kwenye mkaa bila kuzunguka sana.

Cha tatu: ozoni haimalizi molekuli, huikatakata. Vipande vingi ni rahisi kuliwa na bakteria, lakini si vyote ni salama, na vingine huwa na sumu ya muda. Ndiyo maana baada ya ozoni huwekwa kichujio cha mchanga au cha mkaa wa chembe chenye bakteria hai. Kuruka hatua hii ili kupunguza gharama ni kosa baya kuliko kuchagua njia isiyofaa.

Mkaa hauvunji kitu. Hunasa. Maelfu ya vitundu vyake huvuta molekuli zisizopenda maji na zenye chaji chanya, huku zenye chaji hasi kama sulfamethoksazoli zikiteleza. Hivyo hauzalishi vipande wala bromati, na hapo ndipo ubora wake ulipo. Hasara yake ni kwamba uchafu haujaondoka duniani, umehamia kwenye mkaa, na sasa unao mkononi.

Mkaa wa unga hutiwa miligramu 10 hadi 20 kwa lita. Kwa 15, mtambo wetu hutumia kilo 30 kwa siku. Unga huhitaji dakika 30 au zaidi za kuchanganyika, kisha chumvi ya chuma au alumini ya kuugandisha, kisha kichujio. Ukiurudisha kwenye tangi la bakteria badala ya kuutupa mara moja, hunasa tena na dozi hupungua. Matatizo yake hujirudia kila mahali. Kwanza, unga laini hupenya kichujio na maji ya mtoni yakapata kivuli cheusi. Pamoja na mkaa huo huenda dawa zote ulizonasa, kwa hiyo pima chembe zilizoelea kila siku na usiridhike kwa kuangalia kwa macho. Pili, unga husaga pampu na viwiko vya mabomba kama msasa. Tatu, tope linalochanganyika na mkaa haliwezi tena kumwagwa mashambani, lazima lichomwe. Mtambo unaotegemea wakulima kuchukua tope lake hupoteza njia hiyo siku ya kwanza.

Kuna hatari ambayo waliozoea maji taka huipuuza: mkaa uliolowa huvuta oksijeni ya hewa. Mtu akiingia kwenye tangi lililofungwa lenye mkaa mbichi anaweza kuzimia bila kusikia harufu yoyote. Kipima oksijeni, mshipi wa kuokolea na mtu wa nje ni lazima. Ozoni nayo inaua, ila angalau inanuka: kengele huwekwa ilie ifikapo sehemu 0.1 kwa milioni, na gesi ya ziada hupitishwa kwenye kichomeo au kichocheo cha kuivunja kabla ya kutoka nje.

Mkaa wa chembe ndio mpole kuliko yote kwa mwendeshaji. Ni kichujio, maji yanapita, unakiosha kwa kurudisha maji nyuma, basi. Kwa muda wa kugusana wa dakika 25, mtambo wetu unahitaji takriban mita za ujazo 35 za mkaa, kama tani 15.6 kwa uzito wa kilo 450 kwa mita ya ujazo. Ukihesabu kwamba kitanda cha mkaa hudumu hadi kimepitiwa na maji mara 25,000 ya ujazo wake, mkaa huo utasafisha takriban mita za ujazo 870,000, yaani miezi 14 hivi. Gawanya, na utaona ni gramu 18 kwa mita ya ujazo, karibu sawa na unga. Tofauti ni kwamba chembe huweza kurudishwa tanurini na kuamilishwa upya kwa joto la nyuzi 800 hadi 900 za Selsiasi, zikipoteza takriban sehemu moja ya kumi, ilhali unga huishia motoni.

Udanganyifu wa mkaa wa chembe ni miezi yake ya mwanzo. Kichujio kipya hunasa karibu kila kitu, ripoti ya kwanza inapendeza, kila mtu anapongezana. Kisha dawa huanza kupenya moja moja: za eksirei na sulfamethoksazoli mapema sana, karbamazepini baadaye, sitalopramu mwisho. Anayepima robo ya kwanza ya mwaka pekee hajapima kitu. Dawa ya jambo hili ni kuwa na vichujio vinne au zaidi sambamba na kubadilisha mkaa wa kimoja kimoja kwa zamu, ili maji ya kichujio kichanga yachanganyike na ya kizee na wastani ubaki juu ya lengo. Kwa njia hiyo unakitumia kila kitanda hadi mwisho badala ya kukitupa kikiwa nusu.

Lengo lenyewe ni lipi? Uswisi tangu 2016 inaitaka baadhi ya mitambo yake kuondoa asilimia 80, kuhesabiwa kutoka maji yanayoingia mtamboni hadi yanayotoka, kwa kutumia dutu 12 za kiashiria, zikiwemo karbamazepini, diklofenaki na sitalopramu. Mtambo wa Neugut huko Dübendorf ulikuwa wa kwanza nchini humo kutumia ozoni kwa ukubwa kamili, mwaka 2014. Umoja wa Ulaya ulifuata kwa sheria ya 2024 yenye kiwango hicho hicho, na ikaweka angalau asilimia 80 ya gharama za hatua hiyo mabegani mwa watengenezaji wa dawa na vipodozi.

Utando

Osmosisi kinyume, yaani kusukuma maji kwa shinikizo kupitia utando, huzuia zaidi ya asilimia 95 ya dawa nyingi, na kwenye karatasi hushinda wote. Lakini hutoa maji safi asilimia 75 hadi 80 tu ya yaliyoingia. Kwa mtambo wetu, mita za ujazo 400 hadi 500 hubaki kila siku zikiwa na dawa zilizokolea mara nne au tano. Ukiyamwaga mtoni hujaondoa chochote, umetumia umeme mwingi kuzihamisha dawa kutoka bomba moja hadi jingine. Utando una maana pale maji yanapokwenda kutumika tena. Kwa kulinda samaki tu, hapana.

Mabwawa na ardhioevu

Mahali ambapo umeme hukatika na fundi wa ozoni yuko mbali, njia hizi hazina mpinzani, na si za kudharauliwa. Jua huvunja diklofenaki ndani ya saa au siku chache ikiwa bwawa ni la kina kifupi na maji yanapenya mwanga. Kitanda cha changarawe chenye mimea, kinachomwagiwa maji kwa vipindi ili hewa iingie, huondoa vizuri parasetamoli, ibuprofeni na sehemu kubwa ya homoni. Karbamazepini hupita kama mgeni asiyesalimiwa.

Gharama yake ni ardhi. Kitanda cha mtiririko wima huhitaji mita za mraba 2 hadi 3 kwa mtu, na cha mtiririko wa mlalo takriban 5, ingawa nchi zenye joto zinaweza kupunguza. Watu 500 wanahitaji mita za mraba 1,000 hadi 1,500, jambo linalowezekana. Mtambo wetu wa mita za ujazo 2,000, ukihudumia watu 20,000, ungehitaji hekta 4 hadi 6. Kinachoharibu mifumo hii ni kuziba: tangi la kutuliza lisipotolewa tope kwa wakati, changarawe hujaa, maji husimama juu, hewa hukosekana na uvunjaji wa dawa hufa kimya kimya huku mimea ikiendelea kuwa kijani. Mwani mwingi bwawani nao hufunga mwanga. Na kama maji ya juu ni meusi, usitegemee jua.

Kuzuia kwenye chanzo

Kwa dawa nyingi hospitali si chanzo kikuu; wagonjwa humeza na kukojoa nyumbani. Hivyo kujenga mtambo maalumu hospitalini hakutauokoa mto peke yake. Dawa za picha za eksirei ni kinyume cha hayo: hudungwa hospitalini, hutoka karibu zote kwa mkojo ndani ya saa 24 bila kubadilika, na tumeona mtambo hauziwezi. Mfuko wa mkojo wa kutumia mara moja, wenye kigandishi ndani, anaopewa mgonjwa baada ya picha na kutupwa na taka za kuchomwa, hushinda ozoni na mkaa kwa pamoja kwa kundi hili.

Mfano wa pili ni jeli ya diklofenaki. Ngozi hufyonza takriban asilimia 6 tu; iliyobaki huoshwa. Kufuta mikono kwa karatasi kabla ya kunawa, na kusubiri ikauke kabla ya kuoga, huzuia dawa nyingi kuliko ambavyo bakteria wa mtamboni wangeweza. Vidonge vilivyoisha muda virudishwe famasi, visitupwe chooni, ingawa mzigo mkubwa zaidi hupitia mkojo na kinyesi.

Viwanda ni hesabu nyingine kabisa. Mwaka 2007 watafiti walipata siprofloksasini, kiuavijasumu, hadi miligramu 31 kwa lita katika maji yaliyotoka kwenye mtambo uliohudumia viwanda vya dawa karibu na Hyderabad, India, kiwango kinachozidi kile kinachokusudiwa katika damu ya mgonjwa. Maji kama hayo hayapaswi kuchanganywa na ya mji halafu yakanyunyiziwa ozoni. Hushughulikiwa ndani ya kiwanda, mkondo kwa mkondo, na Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa maji taka ya viwanda vya viuavijasumu mwezi Septemba 2024.

Basi uchague vipi

Nitriti iko chini ya miligramu 0.3, bromidi ni ndogo, umeme ni thabiti na una kichujio cha mchanga tayari: chukua ozoni. Hutumia nafasi ndogo na dozi yake hubadilishwa ndani ya dakika. Bromidi ni nyingi au kuna viwanda vinavyomwaga mambo yasiyojulikana: mkaa. Kati ya unga na chembe, uliza kwanza tope linakwenda wapi. Likienda mashambani, chembe. Likichomwa tayari na una tangi kubwa la bakteria, unga ni rahisi kuanza nao kwa kuwa unahitaji ujenzi mdogo. Mto mdogo wenye samaki wa thamani, ambapo wakati wa ukame nusu ya maji yake ni ya mtambo, unastahili ozoni ya dozi ndogo ikifuatwa na mkaa wa chembe. Mkaa hudumu zaidi na vipande vya ozoni hupata wa kuvila. Umeme wa kubahatisha na ardhi ipo: ardhioevu, pamoja na kutoa tope kwa ratiba isiyojadiliwa.

Ukishachagua, pima sawasawa. Chota sampuli za mchanganyiko wa saa 24 au 48 kabla na baada, ukichelewesha za baada kwa muda ambao maji hukaa mtamboni. Chupa mbili zilizochotwa saa moja, moja mlangoni na nyingine mwishoni, hulinganisha maji ya siku mbili tofauti. Tumia chupa za kioo cha kahawia, zikae kwenye nyuzi 4, na sampuli za ozoni zitiwe thiosulfati ya sodiamu mara moja ili ozoni iliyobaki isiendelee kufanya kazi ndani ya chupa njiani kwenda maabara. Kwa kila siku, kipima mwanga wa urujuanimno wa nanomita 254 kabla na baada ya hatua hutosha: tofauti ikianza kupungua bila dozi kubadilika, nenda kakague nitriti kwanza.